Acheni kudanganya watu: mkojo wa mbwa na paka hauko juu ya zulia, uko chini yake

Wakuu, nimechoka na huu ushauri wa kubahatisha. Mtu akiuliza namna ya kutoa mkojo wa paka kwenye zulia, dakika chache tu majibu yamejaa: changanya siki na baking soda, pulizia, ikitoa povu ujue kazi imeisha. Wiki inayofuata muulizaji anarudi, harufu imezidi, na walewale waliomshauri wanamwambia amfukuze mnyama. Zulia limeharibika, mnyama anatupwa nje, na kosa si lake.

Hebu tupige hesabu. Mbwa wa kilo 20 anaweza kumwaga robo lita kwa mkupuo mmoja. Chupa ya kupulizia, kila ukibonyeza, inatoa kama mililita 1. Wewe unayesema "pulizia mara tano sita" unataka mililita 6 zikashindane na 250! Halafu mkojo haukai pale unapouona. Unapita kwenye nyuzi, unapenya mgongo wa zulia, unafika kwenye sponji iliyotandikwa chini, na huko unatanuka. Juu doa ni kama sahani, chini limeshakuwa sinia. Ukisafisha sahani, sinia linabaki linanuka.

Hilo povu mnalolishangilia ni siki na baking soda zikiuana. Moja asidi, nyingine alikali. Zikikutana kinachobaki ni maji, chumvi kidogo na hewa iliyopaa. Siki peke yake, nusu kwa nusu na maji, inasaidia kupunguza ukali wa amonia. Baking soda peke yake, ikinyunyizwa zulia likiwa limeshakauka, inanyonya harufu iliyosalia. Ukizichanganya umepoteza zote mbili.

Wa jiki nao wasikilize. Mkojo uliolala una amonia, na klorini ikikutana na amonia inatoa gesi ya kloramini, inayochoma macho na mapafu. Hiyo ni kabla ya kuongelea rangi ya zulia inayoondoka moja kwa moja, na kama zulia ni la sufu, klorini inakula nyuzi zenyewe.

Maji ya moto na mashine ya mvuke pia hapana. Joto linagandisha protini na rangi ya doa kwenye nyuzi, na baada ya hapo hata dawa nzuri haitolitoa. Inaniuma kuona watu wanaolipwa kusafisha mazulia wanapitisha mvuke juu ya mkojo, wanapulizia marashi, wanaondoka. Kwa siku mbili nyumba inanukia maua, siku ya tatu mkojo umerudi.

Unarudi kwa sababu mkojo una vitu viwili vyenye tabia tofauti. Yurea inavunjwa na bakteria na kuwa amonia, ndiyo ile harufu inayokata pua, na hiyo inaondoka kwa urahisi. Asidi ya yuriki inabaki kama fuwele ndogo ambazo haziyeyuki vizuri kwenye maji. Hewa ikiwa kavu zinatulia, unyevu ukipanda harufu inaamka. Zinazoweza kuzivunja ni dawa za vimeng'enya (enzymes, yaani protini zinazovunjavunja uchafu), na hizo zinataka muda na zinataka kufika chini mkojo ulikofika.

Utaratibu ni huu. Mkojo ukiwa mbichi, weka kitambaa cheupe kilichokunjwa (cha rangi kinaweza kuchuja) na ukikanyage kwa uzito wako wote. Badilisha upande, kanyaga tena, mpaka kitambaa kikavu kitoke bila unyevu. USISUGUE. Kusugua kunafumua nyuzi, na zikishafumuka pale patabaki na kiraka hata doa likitoka. Kisha mimina maji baridi kidogo, nyonya tena. Ndipo umwage vimeng'enya: umwage, si upulizie, kiasi kinachokaribia cha mkojo wenyewe, na uvuke ukingo wa doa kwa upana wa kiganja kila upande. Funika kwa plastiki ili pasikauke, kwa sababu vimeng'enya vikikauka vimeacha kazi. Doa jipya lipe angalau saa moja, la zamani liache usiku kucha. Chupa inayokwambia "subiri dakika 5 ufute" inakudanganya.

Na kama ulishatia sabuni, siki au dawa ya kuua vijidudu, suuza kwanza kwa maji matupu. Dawa ya kuua vijidudu inaua pia bakteria wanaotengeneza vimeng'enya ndani ya hiyo chupa uliyonunua.

Nyuzi Kavu:
Mleta mada kasema kweli, ila kaacha sehemu inayowaangusha wengi: kukausha. Zulia hukauka kuanzia juu, na unyevu wa chini unapanda kupitia nyuzi ukibeba uchafu. Ndiyo maana mtu analala doa halipo, anaamka liko palepale. Ukishaondoa plastiki, weka taulo nene kavu, juu yake kitu kizito chenye kitako bapa, iache saa kadhaa. Uchafu unaopanda utaishia kwenye taulo. Baada ya hapo washa feni ipulize usawa wa sakafu.

Kwa madoa ya zamani msinuse kwa kubahatisha. Zima taa usiku, pitisha tochi ya UV karibu na zulia. Mkojo uliokauka unang'aa rangi ya njano-kijani. Angalieni tu, mabaki ya sabuni ya kufulia nayo yanang'aa, mara nyingi kwa weupe wa bluu. Zungushia chaki kila doa kabla hujawasha taa, la sivyo utalipoteza.

Harufu ikiisha na rangi ikabaki, tumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, nusu kikombe na kijiko cha chai cha sabuni ya kuoshea vyombo. Ijaribu kwanza kona iliyojificha, maana inaweza kupausha. Kwenye sufu na hariri usithubutu. Na mchanganyiko huo usiuhifadhi kwenye chupa iliyofungwa, unatoa hewa na chupa inaweza kupasuka.

Kona ya Sebule:
Mnaongelea mkojo tu, kinyesi na matapishi je? Watu wanachukua kitambaa na kukandamiza kinyesi kilaini, wanakishindilia mpaka kwenye mgongo wa zulia! Kinyesi hakinyonywi, kinazolewa. Chukua kadi ngumu, anza ukingoni kwenda katikati, futa kadi kila unapozoa. Kama mnyama anaharisha, mwagia baking soda au unga wa mahindi, subiri ushikamane, ndipo uzoe. Baadaye maji baridi na tone la sabuni, nyonya, suuza, kisha vimeng'enya.

Matapishi yanataka haraka zaidi, kwa sababu yana asidi ya tumbo na nyongo, na nyongo inaacha umanjano mgumu. Sabuni isuuzwe mpaka iishe. Ikibaki inanasa vumbi, na baada ya muda unaona kiraka cheusi unadhani doa limerudi.

Vaeni glovu. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vimelea vya toksoplazma, vinavyohitaji siku 1 hadi 5 tangu kitoke kabla havijaweza kuambukiza, kwa hiyo kitolewe siku hiyohiyo, na mjamzito asikiguse.

Paka Mzee:
Naongeza moja na naomba lisipuuzwe. Zile dawa za sakafu zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizitia kwenye maji, nyingi zina kemikali za kundi la fenoli. Ini la paka haliwezi kuzivunja vizuri. Anakanyaga zulia, analamba miguu, anaumwa. Mafuta ya mti wa chai nayo ni sumu kwake. Msiweke kwenye zulia, hata tone.

Na paka dume anayekwenda kukojoa kila mara, anachuchumaa, anatoa matone au hatoi kitu, hana utundu. Huenda njia ya mkojo imeziba, na hiyo ni dharura ya daktari wa mifugo saa hiyohiyo.

Mleta mada:
Asante wakuu, hayo ya fenoli na kukausha yalipaswa kuwa kule juu. Kwa wanaouliza kama sponji ya chini inaokoleka: ikiwa imelowa mara moja, ndiyo, kwa kumwagia kama nilivyosema. Ikiwa mnyama amekojolea palepale kwa miezi, msipoteze dawa. Kunjeni zulia, mkate kipande cha sponji mpaka mfike palipo pakavu, msafishe sakafu kwa vimeng'enya na muiache ikauke kabisa, safisheni mgongo wa zulia, ndipo muweke sponji mpya ya unene uleule. Ikiwa sakafu ni ya mbao au saruji ambayo haijapakwa kitu, ipakeni rangi ya kuziba kabla ya kurudisha zulia, maana nayo imeshanyonya.