Karakana ya visu nyumbani: nianze na mkaa, gesi au mashine ya msasa?

Kijana wa Ubungo
Habari za jioni wakuu. Nataka kufungua karakana ndogo nyumbani ya kutengeneza visu. Nina milioni moja na laki nane, na mwisho wa mwezi lazima niwe nimeshanunua vifaa. Nimebaki njia panda: tanuru la mkaa na feni, tanuru la gesi, au niachane na moto kwanza ninunue mashine ya msasa wa mkanda? Kila ninayemuuliza ananitajia lake. Mnishauri.

Fundi Gerezani
Karibu mkuu. Ila kwa maelezo haya hakuna anayeweza kukushauri. Visu vya nini? Vya bucha, vya jikoni, au vya maonyesho? Nyumba ni yako au umepanga? Umeme upoje? Chuma utakitoa wapi? Jibu hayo kwanza.

Moto Mkali
Mkaa. Ukipata feni ya kuchochea moto, kipande cha bomba na udongo wa kichuguu wa kujengea, tanuru lako limekamilika na hela karibu yote imebaki mfukoni. Mkaa unafikisha chuma mpaka kinaungana kwa nyundo. Ukiujaza vizuri juu ya chuma, hewa haikifikii sana, magamba meusi ya moto juu ya chuma yanakuwa machache. Gesi ni ya watu wenye hela ya kuchezea.

Mama Visu
Moto Mkali, huo moto unaousifia ndio unaowakatisha tamaa wanaoanza. Kijana wa Ubungo, nunua mashine ya msasa. Kisu ni kazi ya kuondoa chuma. Chukua bapa la milimita 3, chora umbo, kata kwa grenda, toboa mashimo ya ribiti (pini za kushikia mpini) kabla hujakikaza (kukipa ugumu kwa kukipasha moto na kukichovya), kisha shusha makali kwenye mkanda. Nyundo na fuawe (bonge la chuma la kufulia juu yake) vya nini hapo? Moto utauhitaji mara moja tu, wakati wa kukaza, na hapo hata tanuru la matofali mawili linatosha kisu kifupi.

Kijana wa Ubungo
Asanteni. Nipo Kimara, nimepanga, kuna ua tunaotumia wapangaji wote. Nataka visu vya bucha na vya jikoni, nimeshaongea na wenye bucha wawili. Chuma nitatumia springi za magari.

Fundi Gerezani
Umeme hujajibu.

Kamukunji Fundi
Salamu kutoka Nairobi. Ndugu, kama ua ni wa wapangaji wote, mkaa utakugombanisha na majirani kabla hujauza kisu cha kwanza. Cheche, majivu, nguo zimeanikwa pale. Huku Kamukunji tunafua mchana kutwa kwa sababu mtaa mzima ni wa nyundo.
Kuhusu gesi, usichukue rejuleta ya jiko la nyumbani. Ile imewekewa presha ndogo ya kupikia na huwezi kuipandisha. Tafuta ya presha kubwa, inayozungushwa kwa mkono, na bomba la mpira la kazi hiyo. Mtungi wa kilo 6 nao haufai, maana ukiufanyisha kazi muda mrefu unapoa, unatoka jasho la baridi, presha inashuka katikati ya kazi. Anza na wa kilo 15. Na usifanyie kazi chumbani hata mvua ikinyesha. Hewa ya sumu inayotoka kwenye moto haina harufu.

Mama Visu
Hapo kwenye springi ndipo ninapokukatalia zaidi. Springi ya lori ina unene wa milimita 8, 10, hata zaidi. Uishushe mpaka 3 kwa msasa, utamaliza mikanda na mashine yenyewe. Ukichagua springi umechagua nyundo, hakuna njia ya katikati.

Moto Mkali
Ndiyo nikasema mkaa. Springi ni chuma safi kabisa, na kipo kila gereji.

Baharia wa Tanga
Springi ni chuma safi ikiwa mpya. Hili naomba niliandike kwa kirefu kwa sababu limenigharimu.
Nilipata oda ya visu vya jikoni vya hoteli moja huku Tanga. Nikanunua springi kwa muuza chuma chakavu. Akaniapia zote zimetoka gari moja na hazijabeba mzigo mzito. Nikazikata, nikafua, nikanyoosha, umbo likaja zuri sana. Siku ya kukaza nikapasha mafuta ya kula mpaka yakawa ya uvuguvugu, nikachovya kisu cha kwanza. Kimya. Cha pili kikatoa mlio mdogo, "tiki", kama kioo kinachopasuka kwa mbali. Nikakitoa, nikakifuta, nikakitazama juani, sikuona kitu. Tupa (chuma chenye meno cha kusugulia) ikateleza juu yake bila kuuma, maana yake ugumu umeingia. Nikaendelea na vingine.
Baada ya wiki chache mpishi akaniletea kisu kimekatika vipande viwili, sentimita chache kutoka kwenye mpini. Alikuwa anakata boga. Nikitazama mahali kilipokatika, sehemu moja ilikuwa nyeupe inang'aa, nyingine nyeusi tii. Ule weusi ni ufa wa siku nyingi uliokuwa ndani ya springi tangu ipo chini ya gari. Moto wa kufua ulikuwa umeshaugeuza mweusi. Nikarudisha hela, nikavichukua visu vyote vya oda ile. Muuzaji nilipomfuata alisema chuma chakavu hakina dhamana.
Sasa kila kipande cha springi kabla ya kufua nakisugua mpaka kiwe cheupe, nakipaka mafuta ya taa, nakiacha, nakifuta kikauke kabisa, kisha nanyunyiza unga wa chaki. Penye ufa mafuta yanatoka tena, unaona mstari wa unyevu kwenye chaki. Ni kazi ya dakika chache na imeniokoa mara nyingi.

Fundi Gerezani
Ushauri wa dhahabu huu. Niongezee: springi si chuma cha aina moja. Gari za Kijapani, za Kichina, za Ulaya, kila kiwanda na mchanganyiko wake. Ukipata springi inayokaza vizuri, nunua jani (bamba moja la springi) zima au mawili ya gari hilohilo, kata kipande cha majaribio, kikaze, kivunje makusudi kwenye vaisi (jiriwa). Chembe zikiwa laini kama majivu, sawa. Zikiwa kubwa kama sukari, umekipa moto kupita kiasi. Sumaku ya spika mbovu ndiyo kipimo chako: chuma kikifika karibu nyuzi 770 kinaacha kushika sumaku. Pandisha kidogo tu zaidi ya hapo, chovya kwenye mafuta, usichovye kwenye maji. Kisha oveni ya jikoni, nyuzi 200, saa mbili, kipoe, rudia tena. Ukiruka hatua ya oveni kisu kitakatika hata kama springi ni mpya.

Moto Mkali
Na asitumie oili chafu ya gari kuchovya. Moshi wake ni sumu na mtu atakatia nyama. Hapo nakubaliana nanyi.

Mshana
Nimesoma nikafurahi. Kwetu Ugweno, Upare Kaskazini, ukoo wa Washana ndio uliokuwa ukoo wa wahunzi, na kabla ya ukoo wa Wasuya kushika utawala, wahunzi hao ndio walikuwa watawala. Mivukuto ya kupulizia moto ilikuwa ya ngozi ya mbuzi, moto wa mkaa. Kazi hii ni yetu. Tusimfundishe kijana kwamba bila mashine ya Kichina hawezi.

Nshomile
Na Kagera msiisahau. Pale Katuruka kuna mabaki ya matanuru ya chuma ya zaidi ya miaka 1,500. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika kwenye jarida la Science kuhusu matanuru ya Wahaya wakieleza jinsi hewa ilivyopashwa moto ndani ya mabomba ya udongo kabla ya kuingia tanuruni.

Mama Visu
Nawaheshimu wazee wote waliotajwa. Lakini Katuruka walikuwa wanayeyusha mawe wapate chuma. Huyu anataka kisu cha bucha na ana ua wa kugombea na majirani. Tusimpoteze.

Mshana
Dada, hakuna anayempoteza. Fuawe, nyundo na koleo vitamsaidia maisha yote. Mota ikiungua ataendelea na kazi.

Kamukunji Fundi
Kwenye fuawe, tahadhari. Wengi wanashauri kipande cha reli. Mali ya reli ukikutwa nayo huna pa kujitetea, hata kama uliinunua kwa mtu. Huku kwetu mwaka 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya chuma chakavu kwa miezi kadhaa kwa sababu ya wizi wa vyuma vya nguzo za umeme na miundombinu mingine. Tafuta bonge la chuma kwa wanaovunja mitambo, upewe na risiti. Ekseli nene ya lori ukiisimamisha kwenye gogo inatosha kabisa visu.

Kijana wa Ubungo
Umeme ni luku, mita moja tunachangia nyumba nzima. Nilisahau pia kusema kazini natoka saa kumi na moja jioni, kwa hiyo nitakuwa nafanya usiku.

Fundi Gerezani
Mkuu, hilo ndilo lilitakiwa liwe la kwanza. Grenda na nyundo saa mbili usiku kwenye nyumba ya wapangaji, mwenye nyumba atakuondoa. Na mota ya nguvu za farasi 2 kwenye mita ya kuchangia, wenzako wataiona kwenye luku wiki hiyohiyo. Weka mita yako, au kodi kona kwenye karakana ya mtu.

Mama Visu
Kukodi kona naunga mkono. Ukienda SIDO (shirika la viwanda vidogo) Vingunguti ulizia, wanaofanya kazi za chuma pale ni wengi. Laki nane ya vifaa vya mkono: grenda, vaisi nzito, drili, tupa mpya za aina tatu, bapa la chuma. Nyingine itunze. Barakoa usibanie, nunua yenye vichujio, si ya kitambaa. Vumbi la msasa linaingia kwenye mapafu na halitoki.

Moto Mkali
Tupa nzee zilizochakaa nazo ni chuma kizuri cha kisu kidogo, kaboni yake ni nyingi kuliko springi. Ila nazo uzipime ufa kama alivyosema Baharia.

Baharia wa Tanga
Mkuu, wenye bucha ulioongea nao wanataka mpini wa nini? Ukanda huu wa pwani mti usiofaa unavimba na unaoza kwenye ribiti, damu inaingia mle.

Kijana wa Ubungo
Sikuwauliza. Nilikuwa nimefikiria mpingo.

Fundi Gerezani
Mpingo ni mzito mno kwa kisu cha bucha, mkono unachoka. Wa jikoni sawa. Vumbi lake linawasha ngozi na kifua. Nenda Mwenge kwa wachonga vinyago, waombe vipande vilivyobaki, usinunue gogo la njiani lisilo na kibali cha misitu.

Mshana
Mninga haufai kwa bucha?

Baharia wa Tanga
Unafaa ukiulowesha mafuta ya kitani na kuukausha siku kadhaa. Lakini mimi ya bucha nimehamia plastiki nene ya mbao za kukatia nyama, inaoshwa kwa maji ya moto bila wasiwasi.

Nshomile
Hiyo plastiki unaipata wapi kwa kipande? Madukani naona wanauza ubao mzima tu.