Mjadala: Gorbachev alikosea kubana pombe 1985?

Mkuranga: Watu husema kampeni hiyo ya Gorbachev, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, ilishindwa. Kwa kipimo gani? Mei 1985 alipiga marufuku kuuza pombe kali kabla ya saa 8 mchana, umri wa kununua ukapanda hadi miaka 21. Wastani wa umri wa kuishi wa wanaume Urusi, karibu 62 mwaka 1984, ukafika karibu 65 mwaka 1987. Kosa lake ni kulegeza kamba.

Bi Rehema: Kamba ilikatwa na hazina, kaka. Mfalme Nicholas II wa Urusi alifunga maduka ya vodka 1914, karibu robo ya mapato ya serikali ikayeyuka. Wabolsheviki, yaani wakomunisti, wakaendeleza marufuku, lakini 1925 wakairudisha vodka ya asilimia 40 kwa kutafuta fedha. Gorbachev hakusoma hilo. Akawaachia watu samogon, gongo yao, ikawaua kwa sumu.

Fundi Mitungi: Dada Rehema, kwenye sumu umeteleza. Samogon ya sukari ni sukari kilo 1, maji lita 4, hamira gramu 100, ikae kama wiki. Methanoli, ile pombe ya sumu, hutokana na pektini, ute wa matunda; sukari haina pektini, sasa itoke wapi? Waliodhurika kwa sumu walikunywa kolonya, maji ya breki, gundi ya BF.

Bi Rehema: Usinifundishe jikoni. Mvuke wa mwisho usipotengwa, mafuta ya fuseli, ule uchafu mzito wa pombe, yanaingia yote kwenye chupa.

Fundi Mitungi: Fuseli si methanoli! Joto likizidi nyuzi 35 hamira inachoka. Ukiwa na haraka ukapika kabla haijaiva, sukari inaungulia chini ya sufuria. Kilo moja ya sukari inatoa takribani lita moja ya samogon. Ndiyo maana sukari ilitoweka madukani, kufikia 1988 sehemu nyingi inatolewa kwa kuponi.

Mkuranga: Mmehama. Niliuliza habari za vifo.

Kaskazi: Na mizabibu je? Moldova, Georgia na Crimea waliing'oa mashamba kwa mashamba. Pavel Golodriga, mtafiti wa taasisi ya mizabibu ya Magarach kule Yalta, alijiua 1986. Aina za mizabibu zilizochukua miaka mingi kuzalishwa, na mlevi wa vodka hata hakuwa anakunywa divai!

Mkuranga: Pole kwa Golodriga, lakini miaka mitatu kwa kila mwanamume ni watu wangapi hao?

Fundi Mitungi: Rehema, bado nasubiri. Pektini ya sukari iko wapi?