WhatsApp imetushinda: Trello, Jira au GitHub kwa timu ya watu watano?

Deva_wa_Mwambao (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za mida hii, nisiwachoshe. Tuko watano, tuna kichumba chetu Ngamiani hapa Tanga, tunamtengenezea apu mzee mmoja mwenye duka la jumla, yaani wenye maduka ya mitaani waagize sukari, unga, mafuta kwa simu na walipie humohumo badala ya kupiga baiskeli mpaka kwake na kupanga foleni. Vijana wawili wako kwenye Flutter (zana ya kutengenezea apu za simu), mmoja yuko seva, ile kompyuta kuu inayohudumia apu, na malipo, dada mmoja anachora skrini, mimi ndo nahangaika na mteja na kuunganisha kila kitu. Kazi zote tunapangiana kwenye grupu la WhatsApp na hapo ndo balaa lilipo.

Wiki iliyopita mzee katuma voisi ya dakika nne asubuhi, ndani yake mna mambo matano, la tatu ni kwamba mtu akibonyeza "Lipa" mara mbili anakatwa mara mbili. Wote tumesikiliza, wote tumeweka dole gumba. Siku tatu mbele kumbe vijana wawili wamekesha kila mtu kivyake wanabadilisha rangi ya kitufe kilekile, na hilo la kukatwa mara mbili hakuna aliyeligusa, kila mtu anajua mwenzie analo. Mama mmoja wa Makorora kakatwa kweli, tumemrudishia kwa pesa zetu za mfukoni na mzee hatusemeshi vizuri mpaka leo.

Sasa natafuta programu ya kusimamia hizi kazi ila ndani kwetu tumegawanyika, mmoja anataka Trello, mmoja Jira maana ameiona kwenye matangazo ya ajira, mmoja anasema GitHub inatosha. Bajeti sifuri. Bando ni la simu, umeme ukikatika laptopu zikizima kila mtu anahamia kwenye simu, kwa hiyo iwe nyepesi. Natanguliza shukrani.

Kijana_wa_Machungwa

Nimecheka hapo kwenye dole gumba 😂 pole lakini. Kwenu wanasema waja leo waondoka leo, ila bagi zenu (makosa ya programu) naona zikija zinajenga kabisa.

Mi nasema Trello, usiku mmoja tu mmeshaielewa. Ubao mmoja, safu tatu, Bado, Inafanywa, Imekwisha, kila kazi kadi yake na kwenye kadi kuna sura ya mwenye kazi. Ile ya bure inawapa mbao 10 na watu 10 kwenye eneo lenu la kazi, nyie watano mnatosha na kubaki. Kitu kimoja tu, faili moja lisizidi MB 10, kwa hiyo skrinshoti na voisi zinaingia ila video ndefu ya kuonyesha bagi itagoma.

Seva_Haizimi

Kabla hamjarushiana mawe kati ya Trello na Jira jueni hao ni ndugu wa nyumba moja siku hizi. Jira ni ya Atlassian ya Australia tangu 2002, jina walilitoa kwenye Gojira, lile dubwana la sinema za Kijapani. Trello ilizaliwa 2011 kwa watu wengine kabisa, Atlassian wakainunua 2017 kwa dola milioni 425. Kwa hiyo mkibishana mnamtajirisha mtu yuleyule.

Mimi nipo Dar, Jira naitumia kazini kila siku na siichukii, ni bure mpaka watu 10 kwa hiyo hela sio hoja. Hoja ni kwamba inahitaji mtu wa kuilea. Kuna aina za kazi, kuna hatua ambazo kadi lazima ipite, kuna sprinti (vipindi vifupi vya kazi), kuna pointi za makadirio, kuna ripoti. Sisi tuko thelathini na kitu na tuna mtu ambaye nusu ya kazi yake ni kuitunza hiyo Jira tu. Nyie watano mtamaliza wiki mbili mnapanga hatua za kadi na mama wa Makorora anakatwa mara ya tatu.

Binti_Sahare

Kaka mwanzisha uzi, swali. Kazi yenu ya programu yenyewe mnaiweka wapi? Kama iko GitHub tayari, lile ghala la mtandaoni la kuhifadhia programu, basi mbona unatafuta nyumba nyingine, GitHub ina sehemu ya Projects humohumo, ina ubao wa kadi kama Trello, na tangu 2020 repo za siri (mafaili ya programu yasiyoonekana na wengine) ni bure na unaalika watu bila kikomo.

Utamu wake uko hapa. Hiyo bagi ya kukatwa mara mbili unaifungulia kadi, tuseme inapata namba 23. Kijana wa malipo akimaliza, kwenye maelezo ya mabadiliko yake anaandika "Closes #23", yakishakubaliwa na kuingia kwenye tawi kuu (toleo rasmi la programu) kadi inajifunga yenyewe. Hakuna kumuuliza mtu "vipi ulimaliza?" saa nne usiku. (Neno lazima liwe hilo la Kiingereza, mi niliwahi kuandika "Nimefunga #23" nikakaa nasubiri 😅). Na miezi sita mbele mtu akiuliza kwa nini kitufe cha Lipa kinajizima baada ya kubonyezwa, unafungua 23 unakuta stori nzima na mstari wenyewe uliobadilishwa. Trello haikupi hicho mpaka uanze kuunganisha viungio.

Ubaya wake, dada yenu wa kuchora hatoipenda. Imeandikwa kwa ajili ya watu wa programu, mtu wa michoro akiingia anaona kama kaingia stoo ya mafundi.

Fundi_Huria

Hakuna aliyetaja Redmine humu? Nayo ni ya kusimamia kazi, ipo tangu 2006, bure, programu huria (yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuibadilisha), na ipo OpenProject ambayo chimbuko lake ni hiyohiyo Redmine na ina sura nzuri zaidi. Unaweka kwenye seva yako, data yako mwenyewe, hakuna wa kukubadilishia bei. Waliokuwa na Jira kwenye seva zao wenyewe waliona kilichowapata, ile ya Server ilikatwa huduma Februari 2024, ukaambiwa hamia mtandaoni au chukua ile ya makampuni makubwa.

Seva_Haizimi

@Fundi_Huria sawa mkuu nakubaliana na wewe kwa roho, ila seva ya nani? Nakala za akiba anapiga nani? Sasisho za usalama anaweka nani? Jamaa kasema bajeti sifuri na umeme unakatika, unataka aiweke kwenye laptopu iliyo chini ya meza Ngamiani?

Fundi_Huria

Seva ya kukodi ya bei ndogo inatosha shekhe. Lakini haya, la nakala za akiba umenishika.

Mwl_Kanuni

Vijana, programu yoyote mtakayochukua mtaiharibu kama hamtajifunza mambo mawili.

La kwanza, ubao huu wa kadi haukuzaliwa kwenye kompyuta. Ni kanban, Kijapani maana yake kibao cha tangazo, na ulianzia Toyota kiwandani kwa Taiichi Ohno miaka ya baada ya vita. Kazi ya ile kadi ilikuwa kuzuia, mtu asitengeneze kitu ambacho mwenzie wa mbele hajakihitaji. Watu wameuchukua ubao wakaacha kizuizi, unakuta safu ya "Inafanywa" ina kadi kumi na tisa na watu watano. Wekeni namba. Nyie isizidi tano, na mtu haruhusiwi kuchukua mpya kabla hajatoa aliyonayo.

La pili ni namna ya kuandika kadi. "Rekebisha malipo" sio kadi, hiyo ni dua. Andika: "Kwenye skrini ya kulipia, mtandao ukiwa mzito, ukibonyeza Lipa mara mbili ndani ya sekunde chache oda moja inalipwa mara mbili. Inatakiwa: ikatwe mara moja." Weka skrinshoti, weka simu ni aina gani. Na ile voisi ya mzee ya dakika nne, mtu mmoja aisikilize, aigeuze kadi tano, kila kadi na mwenyewe mmoja. Ukiandika majina mawili umerudi WhatsApp.

Binti_Sahare

Hapo kwenye dua mwalimu umeniua 😂😂

Deva_wa_Mwambao

Wakuu narudi baada ya wiki mbili na kidogo. Tulichofanya, kazi za programu zote zimeenda GitHub Projects, kizuizi tumeweka nne sio tano maana mmoja wetu ana mitihani. Namba 23 imefungwa siku ya pili, kitufe kinajizima na seva nayo inakagua namba ya oda kabla ya kupeleka ombi la malipo, tumejaribu kwa kubonyeza kama wendawazimu, inakata mara moja. Dada wa michoro kweli aliigomea GitHub, tukamwekea Trello yake, na humo tukamwalika na mzee aone kazi inavyokwenda apunguze voisi.

Sasa mzee jana kaingia saa tano usiku akasogeza kadi zote kumi na moja kwenye "Imekwisha". Asubuhi kanipigia anauliza mbona apu haijabadilika na yeye kashaamuru. Namzuiaje asisogeze ila aendelee kuona?

Kijana_wa_Machungwa

Lo 😂😂😂 Ngazi ya mwangalizi tu Trello wanaitoza kwenye ile ya kulipia. Mtoe kwenye ubao, ufanye wa wazi kisha mpe linki, ataangalia tu hawezi kugusa. Ila kila mwenye linki ataona na hata wapita njia wanaweza kuufikia, kwa hiyo toeni kwanza majina na namba za wateja.