Sisi wenye mshahara wa dola kwenye fukwe za Meksiko, tunaleta riziki au tunahamisha watu?

#1 MLETA MADA

Wakuu habari zenu. Nalileta hili nikijua kabisa nitatukanwa, poa tu. Mi ni mtu wa Tanga, nimeishi Marekani miaka kumi na kitu, kazi yangu ni ya kompyuta na bosi hajali nimekaa wapi ilimradi nionekane mtandaoni saa za kazi, basi nikajikusanya nikahamia Puerto Escondido, mji wa pwani jimbo la Oaxaca upande wa Pasifiki. Ndio pale penye wimbi la Zicatela, vijana wa kuteleza mawimbi wanatoka dunia nzima kuja kuvunjia mbao zao pale.

Maisha ni matamu, sitadanganya. Asubuhi unaamshwa na gari la gesi lina spika linapiga kelele mtaa mzima, likipita anakuja muuza tamale, unga wa mahindi uliofungwa kwenye jani ukapikwa kwa mvuke. Maji ya bomba hayanywewi, unanunua dumu la lita 20, ya kuogea yanaletwa na boza yanapandishwa kwenye tangi juu ya paa, na yakikuishia Jumapili umejipaka sabuni hiyo ni wewe na Mungu wako. Usafiri ni pickup za mabenchi na turubai nyuma, wanaita pasajera, mtu wa Unguja hafundishwi kupanda. Ukwaju upo, rozela ipo wao wanaiita jamaica, dafu lipo. Mvua zikianza umeme unakatika kama kwetu tu.

Sasa hoja. Miezi kama minne baada ya kuhamia, Jumamosi mchana nipo na bukta nachoma samaki, geti likagongwa. Mama wa makamo, aproni bado kaivaa, nyuma yake pickup na kijana. Akanisalimia vizuri akasema joven, yaani kijana, nimekuja kuchukua mtungi wangu. Mtungi upi tena? Akaonesha kidole nyuma ya karo la kufulia, palikuwa na mtungi wa gesi wa kilo 20 una herufi tatu zimepigwa kwa brashi, rangi nyekundu, mi siku zote nilidhani ni alama za kampuni ya gesi kumbe ni jina lake. Alikaa nyumba ile miaka tisa na watoto watatu, anauza memela, vile vichapati vinene vya mahindi, sokoni. Kijana akiwa anafungua mpira wa gesi yule mama akachungulia ndani mara moja tu, akaona meza yangu na skrini mbili, akaniuliza kwa adabu kabisa, siku hizi wanakutoza ngapi hapa? Yeye alikuwa analipa peso 2,500. Mimi nalipa 11,000. Wakuu nikamwambia 6,000. Ulimi uliteleza tu, na hiyo 6,000 yenyewe akashika kichwa akasema masikini joven, wanakuibia. Yaani akanionea huruma MIMI.

Pigeni hesabu wenyewe. Kima cha chini cha mshahara Meksiko mwaka 2025 kilikuwa peso 278.80 kwa siku. Kodi yangu ni siku 39 za kazi za mtu wa kima cha chini, na mwezi una siku 30. Yule mama sasa anakaa juu kilimani, pasajera mbili mpaka sokoni, paa la bati. Kimbunga Erick kilipopiga pwani hii Juni 2025 mimi nilikuwa chini ya zege nachaji simu kwa betri, na sikwenda kuangalia bati lake limebaki au limeruka.

Na msinijie na ile ya "sisi ni weusi hatuhesabiki". Pwani hii ina watu weusi wake, wa Costa Chica, kuanzia Guerrero mpaka huku Oaxaca, mababu zao waliletwa utumwani, katiba imewatambua rasmi juzi tu 2019 na sensa ya 2020 ikahesabu watu milioni 2.5 nchi nzima wanaojitambua hivyo. Nikienda Chacahua wananimiminia Kihispania cha kasi wakidhani ni mtoto wa Pinotepa, naringa kweli, najiona nimefika kwetu. Lakini mwenye nyumba yeye hajawahi kuchanganya hata siku moja, kwenye kodi mimi ni gringo, Mmarekani mwenye dola, kama gringo wengine.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba tunahamisha watu, tena kwa tabasamu. Anayebisha aje.

#2

Mleta mada umeandika vizuri ila kuna unafiki humo. Hukumtoa wewe, alimtoa mwenye nyumba, na mwenye nyumba ni Mmeksiko. Kwa nini lawama zote zimwangukie mpangaji? Tena kwa taarifa yako wenzetu wamejilinda kuliko sisi, katiba yao ya 1917 ibara ya 27 inasema mgeni hamiliki ardhi moja kwa moja ndani ya kilomita 50 kutoka baharini na 100 kutoka mpakani. Ardhi ni yao, soko ni lao, mwenye hela anapanga. Wewe usipochukua hiyo nyumba atachukua Mjerumani. Kama roho inakuuma sana hama umrudishie, mbona rahisi.

#3

Namba mbili kaka yangu, nami nitaongea maana nipo Playa del Carmen, pwani ya Karibi karibu na Cancún, mwaka wa nane, nimeolewa huku. Hiyo ibara ya 27 unayoitaja ina mlango wa nyuma na kila dalali ana ufunguo. Mgeni anakwenda benki, benki inaandikwa mmiliki kwenye karatasi, yeye anabaki mnufaika, anakaa, anapangisha, anauza, anarithisha watoto. Wanaita fideicomiso, miaka 50 na inaongezwa. Halafu kuna ardhi za ejido, hizi ni za kijiji tangu mageuzi ya baada ya mapinduzi yao, 1992 sheria ikabadilishwa ikawa zinaweza kubinafsishwa na kuuzwa. Hapo ndipo watu wanapigwa vibaya, unauziwa kiwanja na mtu mmoja kumbe kijiji kizima hakijakaa kikao.

Ila mleta mada na wewe nakukatalia kidogo kwenye neno "mwenyeji". Cancún ilikuwa mchanga na mikoko, serikali ndiyo iliyokaa ikachagua kujenga mji wa utalii kuanzia 1970, hata Quintana Roo yenyewe imekuwa jimbo 1974. Playa kilikuwa kijiji cha wavuvi. Mume wangu ametoka Tabasco, jirani kulia Chiapas, kushoto Veracruz, anayenifanyia usafi ni Mmaya wa Yucatán na ndiye pekee mwenye haki ya kusema hapa ni kwetu, na ndiye anayekaa mbali kuliko wote. Kwa hiyo wageni wa kwanza waliotajirika hapa si gringo, ni wenye hela wa Mexico City na Monterrey. Sisi tumeingia sherehe ikiwa imeshaanza.

Na haya maisha ya bichi jamani mtu asidanganywe na picha. Kuanzia kama Aprili mpaka Agosti bahari inatapika sargasamu, mwani wa kahawia marundo kwa marundo, unanuka yai viza, vijana wanausomba kwa reki na toroli toka alfajiri ili mtalii akiamka aone mchanga mweupe. Menyu ya mtaa wa Quinta imeandikwa dola. Mama mkwe akija kututembelea anabeba chakula chake kwenye ndoo, anasema hawezi kulipa bei ya kuku mzima kwa taco tatu.

Nje ya mada kidogo. Dereva akimkatia mume wangu njia anamtukana cafre. Nikamuuliza ni nini hiyo, akasema dereva mhuni. Ni KAFIRI hiyohiyo, wakuu! Wareno walilichukua neno kwa Waarabu, wakawaita hivyo watu wa pwani ya Msumbiji, na wengine wao walipitishwa Manila wakapakiwa kwenye merikebu za Wahispania mpaka Acapulco wakiwa watumwa. Leo limebaki tusi la barabarani. Haya endeleeni.

#4

Mimi niko Mombasa na hii story naiskia kama ya Diani na Malindi tu, badilisha Mmarekani weka Mtaliano. Sisi katiba ya 2010 inasema mgeni apewe lease, mwisho miaka 99, na bado beach plot zinaenda tu. Swali langu kwa mleta mada ni moja, hapo ulipo unalipa ushuru wa serikali yao ama unakula tu jua bure?

#1 MLETA MADA

Namba nne umenishika pabaya. Ushuru nisioukwepa ni ile asilimia 16 ya dukani. Mshahara unaingia Marekani unakatwa Marekani. Mi angalau nina ukaazi wa muda, niliombea ubalozini kwao nikiwa Marekani nikaonesha kipato, unapewa mwaka mmoja unaongeza mpaka minne kisha unaomba wa kudumu. Lakini ninao majirani wanaingia kitalii, karatasi ya siku zisizozidi 180, zikikaribia kuisha wanaruka nje siku tatu wanarudi, mwaka wa sita huu bado ni "watalii" wakati wana mbwa, pikipiki na darasa la yoga linaloingiza hela. (Wenye pasi tupu za Kenya au Tanzania msijaribu, nyie mnahitaji viza, labda uwe na viza hai au ukaazi wa Marekani na nchi chache za aina hiyo ndio unapita.)

Na namba mbili, hiyo "nisipochukua mimi atachukua Mjerumani" nilijiambia hivyohivyo siku nasaini mkataba. Huyo Mjerumani sijamwona mpaka leo.

Dada wa Playa nimekuelewa na nakubali nusu. Hata huku, barabara mpya ya kutoka Oaxaca mjini ilifunguliwa Februari 2024, zamani milima ile ilikuwa saa sita na zaidi unatapika njia nzima, sasa ni kama tatu, wikiendi mji unafurika Wameksiko wenyewe. Ila hao Jumapili jioni wanaondoka. Mimi ndiye niliyebaki na nyumba ya mtu mwezi mzima.

#5

Mimi na mke wangu tupo Kanada, tumestaafu, kila mwaka baridi likianza tunashuka Bucerías, Nayarit, tunarudi Aprili. Mnatuonea. Tunakula kwa watu, tunaacha bakshishi, fundi bomba wetu amesomesha watoto kwa wageni. Mji unatupenda, hata saa wamebadilisha: 2010 wilaya nzima ya Bahía de Banderas ikaacha saa ya jimbo lake la Nayarit ikafuata ya Puerto Vallarta uliko uwanja wa ndege. Kinachotushinda ni kelele tu. Muziki ufukweni saa tano usiku, matarumbeta, ngoma, watu wazima tumelala. Kuomba utulivu nayo ni dhambi?

#3

Mzee wangu shikamoo, na samahani. Hilo la matarumbeta ndilo lililowasha moto Mazatlán, jimbo la Sinaloa, Machi 2024. Wenye mahoteli walitaka bendi za matarumbeta, wenyewe wanaziita banda, zidhibitiwe ufukweni kwamba wageni wanalalamika, wanamuziki wakaingia barabarani na matuba yao, ikawa vurugu na polisi. Watu wale wanaishi kwa kupiga nyimbo mbili tatu kwa familia iliyokaa chini ya mwavuli, sasa unamwambia nyamaza akale wapi? Na ufukwe wenyewe kisheria ni wa umma, mita 20 kutoka maji makuu ni za serikali ya shirikisho, 2020 wameongeza na faini kwa anayezuia watu kupita. Kichekesho ni kwamba hayo matarumbeta ya Sinaloa historia yake inawagusa wahamiaji wa Kijerumani wa karne ya 19, hata bia ya Pacífico ilianzishwa Mazatlán 1900 na Wajerumani. Wageni walileta kelele, wageni wengine wanakuja kuomba izimwe.

#2

Dada hapo umenifurahisha lakini bado hamjajibu. Julai 2025 watu waliandamana Mexico City mitaa ya Roma na Condesa na mabango ya gringo nenda kwenu, vioo vya maduka vikavunjwa. Wakati mwaka 2022 mji huohuo chini ya meya Sheinbaum, ambaye leo ndiye rais, ulisaini makubaliano na Airbnb, kampuni ya kupangisha nyumba mtandaoni, kuwaita hawa hawa wa kompyuta. Umemkaribisha mgeni kwa tarumbeta halafu unamrushia mawe? Shida ni serikali. Ipange bei ya kodi za nyumba, yaishe.

#1 MLETA MADA

Mkuu naunga mkono ipange. Lakini mimi siwezi hata kwenda kusimama na bango kudai hilo, ibara ya 33 inakataza mgeni kujiingiza kwenye siasa za nchi. Ndio utamu na uchungu wa huku, sina kura, sina sauti, ila 11,000 zangu zina sauti kuliko mtaa mzima. Mwenye nyumba kashanitumia ujumbe, mkataba mpya ni 13,500, kaweka na kamoyo mwisho.

Mzee wa Kanada sikusemi vibaya, ila hilo la saa sidhani kama ni dalili ya kupendwa.

#6

Nimesoma uzi wote kimya. Utalipa hiyo 13,500 au unahama? Halafu mtungi wa yule mama, ulimrudishia una gesi au mtupu?

#1 MLETA MADA

Nitalipa.

Ulikuwa nusu nilipoingia. Nilipikia mpaka ukaisha, alikuja kuuchukua mtupu. Kijana aliunyanyua kwa mkono mmoja.