Mwaka mpya wa shule, mkataba wa miezi 9: walimu wa Kiingereza tuliotoka nje tunanyonywa

Ndugu walimu wenzangu, na hasa nyinyi mliovuka Malaba au Busia kuja kufundisha Uganda, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Mimi ni Mkenya, mzaliwa wa Kwale, na huu ni mwaka wangu wa tatu nikifundisha Kiingereza katika shule ya sekondari ya binafsi mjini Jinja. Kila Februari shule zinapofunguliwa nawekewa mbele karatasi ileile, yaani mkataba wa miezi 9 unaohesabu mihula mitatu na kuziacha nje likizo zote, kana kwamba mwalimu akifunga darasa huacha pia kula. Mwenye nyumba wangu hana likizo. Desemba alitaka kodi yake, Januari akaitaka tena, nikamlipa kwa fedha nilizokopa kwa shemeji yangu Mombasa.

Siku ya wanafunzi kuripoti nilipangwa langoni kukagua vitu walivyoagizwa: rimu ya karatasi, mifagio miwili, karatasi za chooni. Mama mmoja alishuka kwenye bodaboda amekumbatia sanduku la bati, godoro la bintiye likiwa limefungwa nyuma kwa mpira, akauliza ni nani mwalimu wa Kiingereza wa kidato cha pili. Nilipomwambia kuwa ni mimi, alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili akasema, "Musomesa, huyu nakuachia wewe." Haikupita nusu saa nikaitwa kwenye dirisha la mhasibu, ambako kalamu imefungwa kwa uzi kwenye nondo, nikasoma mkataba kifungu baada ya kifungu huku foleni ya wazazi waliokuja kulipa karo ikinisukuma mgongoni. Kifungu cha 7 kilikuwa kipya: shilingi 150,000 za Uganda zitakatwa kila muhula kugharimia kibali cha kazi cha mwalimu wa kigeni. Nilipouliza maana yake, nilijibiwa, "Ssebo, wenzako wameshatia sahihi."

Uganda haiwatozi raia wa Kenya ada ya kibali cha kazi, wala haiwatozi Wanyarwanda. Kuna karatasi za kujaza, kuna vyeti vya kuthibitisha, kuna kusubiri, lakini ada hakuna. Sasa hizo 150,000, mara tatu kwa mwaka, zinalipia nini? Tunaambiwa kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inampa mfanyakazi uhuru wa kuvuka mpaka na kuajiriwa bila ubaguzi wa uraia, nami nilivuka nikiiamini. Pasipoti yangu imo kwenye droo ya mkurugenzi tangu mwaka jana, "kwa usalama". Ni kweli kwamba naweza kwenda nyumbani kwa kitambulisho cha taifa, lakini kibali changu kimefungwa kwa mwajiri huyuhuyu, na nikitaka kuhamia shule nyingine naanza upya nikiwa mikono mitupu. Walimu wenzangu Waganda wanaumizwa na mkataba huohuo, sikatai, ila wao wakichoka huondoka.

Jambo la NSSF, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ndilo lililonikosesha usingizi. Kila mwezi nakatwa asilimia 5 ya mshahara, na sheria inamtaka mwajiri aongeze asilimia 10 kisha apeleke zote kwenye mfuko. Nilipofungua taarifa yangu kwenye simu wakati wa likizo nilikuta michango ya miezi mitatu tu kwa mwaka mzima. Hizo nyingine zilikatwa kwangu. Zimekwenda wapi?

Nikimweleza mwalimu mkuu, hunijibu kwamba Kiingereza ni somo la sanaa. Tangu serikali ilipopandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi mwaka 2022, shule nyingi za binafsi zimelichukua jambo hilo kuwa ruhusa ya kutudharau sisi wengine, ingawa mtihani wa fizikia, wa baiolojia na wa jiografia yote huandikwa kwa Kiingereza, na mtoto asiyejua tofauti ya kuambiwa "eleza" na kuambiwa "linganisha" huanguka hata pale anapoijua sayansi yenyewe. Isitoshe, katika mtaala mpya ulioanza 2020, asilimia 20 ya alama za mwisho za kidato cha nne hutokana na kazi za darasani, ambazo mwalimu anapaswa kuzisahihisha na kuziwekea kumbukumbu kwa kila mwanafunzi. Nina mikondo minne yenye wanafunzi 84 kila mmoja. Insha moja nikiipa dakika tano tu, natumia saa 28 kumaliza mzunguko mmoja, na saa hizo hazimo kwenye ratiba wala kwenye mshahara. Nazifanya usiku, kwa sababu yule mama wa sanduku la bati aliniachia mtoto.

Ninachodai ni mkataba wa miezi 12, pasipoti yangu, michango yangu yote ipelekwe kwenye mfuko, na kifungu cha 7 kifutwe. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inamtambua afisa kazi wa wilaya kuwa ndiye wa kupokea malalamiko kama haya, nami nimeamua kwenda kwake wiki hii. Kama yupo miongoni mwenu aliyewahi kupeleka shauri la mshahara au la NSSF kwa afisa kazi akiwa na kibali cha mgeni, naomba anieleze alibeba nyaraka gani, lilichukua muda gani, na kama mwajiri alijaribu kumfutia kibali shauri likiendelea. Mkataba bado uko mezani kwangu bila sahihi, na nimeambiwa mwisho wa kuurudisha ni Ijumaa.