Tupeane uzoefu: mji gani ulikusomesha vizuri? Dar, Dodoma, Mwanza, Moro, Nairobi...

Mama Wawili (mleta mada)

Wakuu, salaam. Kijana wangu amemaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na biolojia), matokeo yametoka na ni mazuri, sasa nyumbani hapakaliki. Baba yake anataka Dar, kwingine hataki hata kukusikia. Mjomba wake anasema Dodoma, eti Dar mtoto ataharibika. Mwenyewe kaona mahali wamepanga miji kwa ubora wa vyuo, wa kwanza hadi wa mwisho, basi anatembea na ile orodha mfukoni.

Mimi orodha zile haziniingii. Wanahesabu vyuo, wanahesabu maprofesa na machapisho yao, lakini hawasemi mtoto atalala wapi, atafika darasani saa ngapi, na ikifika wakati wa fildi (mafunzo kwa vitendo) atapokelewa na nani. Kwa hiyo naomba waliosoma waseme. Usinisifie chuo chako, niambie mji ulikufanyia nini ulipokuwa mwanafunzi. Na yale ya kudharauliana, eti "chuo cha kata", tuyaache huko huko.

Kimbweta Namba Tisa

Mama, karibu. Mimi ni wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uhandisi wa umeme, nimemaliza zamani kidogo.

Kwa wingi wa vyuo Dar haina mpinzani nchini, hilo lisitupotezee muda. Pale Ubungo tu una Mlimani, Chuo cha Maji, na Ardhi kwa nyuma, ukisogea Mabibo kuna NIT, cha usafirishaji. Shuka mjini ukute DIT ya teknolojia, CBE ya biashara na IFM ya fedha, unaweza kuvizunguka kwa miguu kama jua si kali. Muhimbili iko Upanga, DUCE ya ualimu Chang'ombe, Mwalimu Nyerere kule Kigamboni. Mlimani yenyewe ilianzia mjini, mwaka 1961, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na darasa dogo la sheria, chini ya Chuo Kikuu cha London. Ilihamia kilimani mwaka 1964.

Lakini mama kauliza mji ulitufanyia nini. Mimi Dar ilinipa fildi. Mwenzangu wa mkoani alikuwa anaandika barua tatu nne na kungoja majibu, mimi nilikuwa navaa shati jeupe asubuhi, napanda daladala na kwenda kugonga mlango wa ofisi mwenyewe. Umeme, bandari, kampuni za simu, viwanda vya barabara ya Nyerere, vyote viko ndani ya nauli ya siku moja. Jamaa zangu wa kompyuta walikuwa Kijitonyama, ukuta kwa ukuta na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na pale kuna Buni, kituo cha kulea wabunifu. Jioni kulikuwa na semina za bure za watu wa teknolojia. Nitasema ukweli, wengi wetu tulifuata sambusa, ila kuna waliotoka pale na kazi.

Kingine ni vimbweta. Kwa wasiojua, ni zile meza na benchi za zege chini ya miti. Wiki ya UE (mitihani ya mwisho wa muhula) ukipita saa saba usiku unakuta watu sita wamezunguka tochi ya simu, mmoja anaeleza thamodainamiki kwa kipande cha chaki juu ya meza yenyewe, wengine wananakili madesa (notisi). Somo lililonishinda darasani nililielewa pale, na aliyenielewesha alikuwa mwanafunzi mwenzangu. Siku hizi kuna maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa Wachina, ilifunguliwa 2018, inakalisha wasomaji zaidi ya 2,000 kwa wakati mmoja. Bado vimbweta vinajaa.

Ubaya wa Dar ni pesa na barabara. Hosteli za Magufuli zilipofunguliwa 2017 zilichukua wanafunzi 3,840, zikapunguza kubebana (wawili kitanda kimoja), lakini anayekosa kitanda anaingia mtaani. Sinza bei imesimama, Makongo na Changanyikeni nako wenye nyumba wameshtuka, wanataka kodi ya miezi sita mkupuo. Bumu, hela ya mkopo ya kujikimu, linaingia asubuhi, jioni lina mwenyewe.

Upepo wa Chimwaga

Mjomba wa kijana nampa mkono, ingawa sababu yake siikubali. Anayetaka kuharibika ataharibikia hata Ng'ong'ona huku jirani na chuo.

UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) ilianza 2007, na ukumbi wa Chimwaga ambao CCM walikuwa wanafanyia mikutano ukawa wa kwetu. Eneo ni kubwa mno. Kila ndaki (kitengo cha masomo) ina madarasa na mabweni yake, kwa hiyo unaamka, unapiga mswaki, unaingia darasani. Foleni utaisikia kwenye taarifa ya habari. Ila ukiwa na rafiki ndaki nyingine, kumtembelea ni safari, jipange na bajaji.

Mwezi wa saba na wa nane upepo unafungua mlango wa chumba bila hodi. Shuka ukiianika bila vibanio unaiokota ghorofa ya chini, imeshakuwa na rangi ya udongo. Midomo inapasuka. Hiyo ndiyo Dodoma, haitabadilika kwa sababu ya mtu.

Kilichobadilika ni fildi. Zamani wa Dodoma tulikuwa tunashuka wote Dar kutafuta ofisi. Serikali ilipohamia, wizara zikajengwa Mtumba, mji wa serikali, na mdogo wangu amefanya fildi wizarani akilala kitanda chake kile kile cha bwenini. Kwa huyo wa PCB, hospitali ya Benjamin Mkapa iko jirani kabisa na chuo, na wanapandikiza figo pale tangu 2018. Mji wa makao makuu unalipa, tuseme tu.

Kimbweta Namba Tisa

Wizara sawa. Viwanda je? Mhandisi wa mitambo unampeleka Mtumba akafanye nini, akatengeneze kiyoyozi cha katibu mkuu?

Upepo wa Chimwaga

Hahaha. Kaka, kiyoyozi nacho ni mtambo.

Binti wa Bugando

Mama Wawili, kwa kuwa ni PCB niache hawa wagombane, nikwambie ya Mwanza.

Nimesoma udaktari pale Bugando. Chuo na hospitali viko pamoja juu ya kilima, na hospitali ndiyo ya rufaa kwa kanda yote ya Ziwa. Mgonjwa anatoka Ukerewe kwa boti, mwingine Geita, mwingine Kigoma amesafiri usiku kucha. Anakufikia akiwa ameshachelewa, na amepita mikono mingi. Kichocho nilikiona wodini kabla sijakisoma vizuri. Selimundu (sikoseli) ndiyo usiseme, watoto wanaletwa kila siku. Nikienda kusoma sura ya kitabu, tayari nina sura ya mtoto kichwani.

Na lugha! Kuna bibi alilazwa, Kiswahili chake cha kuokoteza. Nilimsalimu "mwangaluka" kwa lafudhi yangu ya Kitanga, wodi nzima ikacheka, yeye akanishika mkono akaanza kunieleza ugonjwa wake kwa Kisukuma moja kwa moja. Nesi alinitafsiria. Kuanzia hapo nikawa najifunza maneno ya mwili kwa wahudumu: kichwa, tumbo, kuharisha, tangu lini. Hakuna mtihani unaopima hilo, na mimi natumia mpaka leo.

Maisha ya mji ni nafuu. Samaki mnakula, vyumba vipo, ukichoka unakaa kwenye mawe unaangalia ziwa. Kisu ni ada. Chuo ni cha kanisa, si cha serikali, na udaktari ni miaka mitano. Kama mkopo wa Bodi hautafika, kaeni chini mhesabu kabla ya kujaza.

Nyundo ya Upanga

Dada namheshimu, ila kwa udaktari Dar ni Dar. Ndani ya uzio mmoja wa Muhimbili una hospitali ya taifa, una MOI kwa mifupa na ubongo, una taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete. Saratani ni Ocean Road, daladala moja tu. Utaona ugonjwa ambao mkoani wanauandikia rufaa. Ila kijana mwambie asiwe mtu wa kusimama nyuma kwenye raundi. Hospitali iwe kubwa namna gani, ukisimama nyuma husikii kitu.

Binti wa Bugando

Hapo kwenye rufaa ndipo tunapotofautiana, kaka. Akimaliza atapangiwa kituo cha afya wilayani. Huko atakuwa yeye anayeandika hiyo rufaa.

Comrade wa Thika Road

Majirani, hamjambo. Mmetaja Nairobi kwenye kichwa na hakuna Mkenya amesema kitu, wacha niseme.

Mtu akikwambia amesoma Chuo Kikuu cha Nairobi, muulize wapi. Wakati wetu sheria ilikuwa Parklands, biashara Lower Kabete, kilimo na mifugo Upper Kabete, sayansi Chiromo, udaktari Kenyatta hospitali, na ualimu Kikuyu, ambako hata si kaunti ya Nairobi. Rafiki yangu alifanyiwa sherehe kijijini kwamba anaenda jijini. Akafika Kikuyu, usiku ni vyura na baridi, akauliza jiji liko wapi. Tukamwonyesha matatu.

Lakini ukiwa Main Campus, mji wote ni darasa. Mimi nilikuwa nasomea uanahabari. Natoka lekcha, nashuka Kimathi Street kwa miguu, magazeti yako hapo, redio ziko hapo. Wa sheria walikuwa wanaenda kusikiliza kesi Milimani asubuhi na kurudi kula mandondo (maharagwe) saa saba. Ukitoka nje ya mji kidogo kuna Chuo Kikuu cha Kenyatta, USIU, na JKUAT kule Juja, zote Thika Road. Strathmore iko Madaraka, wale wa suti. Kila wiki kuna mhadhara wa bure wa mtu mkubwa mahali fulani.

Shida ni kwamba Nairobi haikungoji. Pesa ya HELB, bodi yetu ya mikopo, ikichelewa, mji unaendelea na bei zake. Nimeona wakali wa darasa wakirudi nyumbani kwa sababu ya rent, si kwa sababu ya mtihani.

Aliyehamishwa

Mnaongelea vyuo vikubwa tu. Wengi wanaosoma Dar hawako Mlimani wala Muhimbili.

Mimi nilidahiliwa chuo cha binafsi, sikitaji. Kilikuwa ghorofa mbili juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwalimu akifundisha, chini wanakata nondo. Maabara ya kompyuta ilikuwa na mashine kumi na kitu, zinazowaka nusu yake. Kwenye tangazo kulikuwa na picha ya bahari. Mwaka 2017 TCU, tume ya vyuo vikuu, ilipozuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya na kusimamisha kozi kadhaa kwingine, sisi tulianza kutafutana kwenye simu usiku. Nilihamia mkoani nikarudia baadhi ya masomo, mzazi akalipa mara mbili.

Mama, wingi wa vyuo mjini ndio unaowaficha hawa. Jiji likiwa na vyuo vingi, kibovu hakionekani. Ukifungua mwongozo wa TCU usitafute jina la chuo tu, tafuta na ile kozi yenyewe kama imeidhinishwa. Chuo kinaweza kuwa na ithibati na kozi isiwe nayo. Na kabla ya kulipa chochote, mtu aende akakione kwa macho siku ya kazi, asiende Jumapili.

Panya Buku

Moro si jiji, ni manispaa, lakini tuna SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Mzumbe, Jordan na Chuo Kikuu cha Waislamu. Kwa ukubwa wa mji, sijui nani anatufikia.

SUA ilizaliwa Julai 1984, miezi mitatu tu baada ya waziri mkuu Sokoine kufariki kwa ajali ya gari pale Dakawa, ikapewa jina lake. Nilisoma pale sayansi ya wanyama. Shamba liko mlangoni, ng'ombe unamkamua mwenyewe saa kumi na moja alfajiri na Uluguru inakuangalia na ukungu wake. Halafu kuna wale panya wa shirika la APOPO wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Wageni wanatoka Ulaya kuja kuwaona, sisi tulikuwa tunawapita tukienda kula.

Kampasi ya Mazimbu nayo ina historia yake. Ilikuwa shule ya ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ya Solomon Mahlangu, wakaikabidhi kwa serikali yetu mwaka 1992. Makaburi ya wapigania uhuru yako pale pale chuoni.

Kijana akisikia Mzumbe asidhani atakaa mjini. Ni mwendo, barabara ya Iringa, maisha ni Changarawe. Wanaoipenda wanaipenda kwa huo utulivu.

Mwajiri Mchovu

Nasoma kimya. Nimekaa kwenye meza ya usaili miaka mingi. Sijawahi kumuuliza mtu alisoma mji gani. Namuuliza fildi alifanya nini, na hapo ndipo wengi wanaanza kuangalia dari, wa Dar na wa mikoani sawasawa. Kuna waliogongewa muhuri tu na mjomba.

Mama Wawili

Asanteni sana, nimemsomea kijana yote. La Bugando limemgusa, la ada limemgusa baba yake. Ndugu wa Dodoma, nikimpeleka huko hiyo treni ya SGR, ya umeme, inafaa kwa mzigo wa mwanafunzi? Sisi tuko Kibaha.

Upepo wa Chimwaga

Inafaa mama. SGR ilianza kufika Dodoma Julai 2024, wakati huo daraja la kawaida kutoka Dar lilikuwa 31,000. Mzigo una kipimo, godoro asilibebe, atalinunua soko la Sabasaba hapa Dodoma. Vyuo vikifungua siti zinaisha mapema, akate tiketi wiki moja kabla. Na mfungie vibanio vya nguo, vya chuma, vile vya plastiki huku havimalizi muhula.