Mzee kapona ila hana hela ya kutoka wodini, na mfawidhi (mkuu wa kituo) ni mimi. Mngefanyaje?

Mfawidhi_Mgeni:
Habari za jioni wakuu. Naomba mawazo hasa kwa mliowahi kukalia hiki kiti, maana huku nilipo ukimuuliza mtu jambo habari inafika halmashauri kabla hujamaliza sentensi.

Niko kituo cha afya cha serikali chenye chumba cha upasuaji, huu ni mwezi wa 7 tangu nikabidhiwe ofisi. Wiki mbili nyuma usiku kaletwa mzee kwa bodaboda, kabanwa katikati ya dereva na mwanae, ngiri imekaba na tumbo limevimba kama ngoma, gari la wagonjwa liko gereji, tukamfungua usiku uleule na namshukuru Mungu kapona. Bili 286,000. Wameuza mbuzi wakaleta 90,000, basi, hapo wamegota. Nimeshamwandikia ruhusa kwenye faili siku 5 zimepita lakini mzee bado yuko kitandani, mhasibu kaandika jina lake kwenye kikaratasi kakibandika kwa selotepu dirishani kwa mlinzi. Kinachoniua ni asubuhi nikipita raundi, yule ni umri wa baba yangu kabisa lakini ananiwahi yeye, "shikamoo daktari".

Ana miaka 57. Angefikisha 60 ningemwingiza kwenye msamaha wa wazee wasiojiweza yakaisha. CHF, ile bima ya afya ya jamii, ilishakufa, hawakuilipia mwaka huu.

Sasa msiniambie tu "mwachie", hela ya wagonjwa ndiyo inayonunua glovu na nyuzi MSD (bohari ya dawa ya serikali) wakikosa. Na kuna lingine naona aibu kulisema ila nalisema: mwezi uliopita diwani alinipigia simu, ndugu yake alikuwa anadaiwa 140,000, nikasaini msamaha. Kituo kizima wanajua.

Stoo_Kavu:
Mkuu mimi ni mfamasia, nitakuwa mchungu kidogo. Hiyo 196,000 iliyobaki siyo ya kwako wala ya serikali huko juu, ni ya mgonjwa anayekuja kesho. Tangu 2017/18 hela za ruzuku zinaingia moja kwa moja akaunti ya kituo na wewe ndiye unayejibu, mkaguzi akija hataki hadithi ya shikamoo anataka karatasi. Nimefanya kazi sehemu bosi alikuwa na roho nzuri sana, kila mtu anasamehewa, ikafika kipindi mama anakuja kujifungua tunamtuma ndugu yake akanunue glovu duka la nje, na uzazi eti ni bure. Huruma ya mfawidhi ililipwa na yule mama.

mama_wodini:
Stoo_Kavu nakuelewa ila hesabu yako haijafika mwisho. Kile kitanda siku 5 nani analipa? Maji, sabuni, nesi wa zamu, na kidonda cha watu kinachokaa wodini bila sababu kikipata usaha mnaanza upya na antibayotiki za bure. Mnamfuga mtu kwa gharama kubwa ili mpate hela ambayo hana. Mwanae badala ya kwenda kutafuta vibarua amekaa benchi la nje anamsubiri baba.

Halafu daktari samahani kama nakukosea heshima, wewe ulishaandika ruhusa. Kuanzia hapo yule siyo mgonjwa wako, ni mahabusu wako.

Ustawi_Kijijini:
Wote mnabishana getini wakati kosa lilifanyika mapokezi. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, kila siku naitwa bili ikishakuwa kubwa, ndugu wakishalia, mhasibu akishakasirika. Kwa nini siitwi siku ya kwanza? Usiku ule mngefanya upasuaji kama mlivyofanya, sawa, lakini asubuhi yake mtu wa ustawi angekaa na mwanae nusu saa: wanaishi vipi, wana shamba, wako TASAF (mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini), mtendaji wa kijiji anawafahamu. Hapo mnajua mapema kama ni wa msamaha wa muda, au wa kulipa kidogokidogo, au ana uwezo na anawachezea (wapo, nimewahi kuletewa "maskini" ana fuso mbili).

Na miaka 57 isikusumbue. 60 ni kundi la wazee, lakini asiye na uwezo ana njia yake hata akiwa na 30, ile ya barua ya mtendaji na tathmini ya ustawi. Ila usisaini peke yako. Ukisaini peke yako hata ukiwa sahihi itasomeka kama ya diwani.

Hiyo ya diwani ndiyo kidonda chenyewe. Ipeleke kwenye kamati ya usimamizi wa kituo, useme nilisaini bila tathmini, naomba ifanyike sasa. Wakikuta yule ndugu ana uwezo adaiwe.

Kasarani_254:
Hapa Kenya hii kitu ilifika kotini. Kuna akina mama wawili walizuiliwa Pumwani, hospitali ya uzazi Nairobi, 2010 juu ya bili, 2015 High Court ikasema kumzuia mtu hospitalini kwa sababu ya deni ni kuvunja haki zake, ikaamuru walipwe fidia. Sitadanganya eti imeisha, bado tunasikia. Lakini sasa meneja hawezi sema hakujua. Deni ni deni, mwandikishe, mdai akiwa nyumbani kwake.

Stoo_Kavu:
Wa kwetu ukimwandikisha akishavuka geti humuoni tena. Lakini sawa, hoja ya kitanda mama_wodini umenipata.

Mfawidhi_Mgeni:
Nashukuru sana wakuu, mmenichapa lakini nimeelewa. Mrejesho: jana nimemwita mtu wa ustawi, mtendaji kaleta barua, wana ekari moja na nusu na nyumba ya tope, hawajawahi kuingizwa TASAF. Tumekaa mimi, ustawi, mhasibu na mwenyekiti wa kamati, 136,000 imesamehewa na 60,000 watalipa baada ya mavuno, mwanae kaweka dole gumba. Mzee katoka saa 4 asubuhi. Kikaratasi nimekibandua mwenyewe, selotepu imeacha alama kwenye kioo.

Mapokezi tumeweka daftari la ustawi kuanzia leo, asubuhi tu wameshaandikwa watu watatu, mmoja kaja na gari lake.

Ya diwani nimeiweka kwenye ajenda ya kikao cha Alhamisi. Sijui nani kamwambia, simu yake imeita mara nne toka asubuhi na sijapokea.